Mgonjwa wa Kumi na Nne

Jumatano ya soko, foleni ya dukani kwa Bilal karibu na stendi ya Garsen ilifika mpaka kwa muuza samaki wa kukaanga. Huyu anataka fomu ya basari, yule picha za pasipoti. Tuneya aliingia na dera la kijani na mtandio mweupe uliokwisha kugeuka rangi kwa vumbi la barabara ya Hola, flashi mkononi.

"Kurasa kumi na mbili, kaka. Saa nane nazungumza na wauguzi, na mashine yao imeharibika."

Bilal alitazama karatasi zikitoka. "Jina la kwanza hapa ni lako?"

"Langu. Nachunguza maini ya wagonjwa kwa hadubini, Nairobi. Hiyo ni makala yangu ya utafiti."

"Kuna watu wanaoisoma?"

"Watafiti wenzangu wameinukuu mara mia tatu na kumi." Alipokwisha kusema aliona haya, kama aliyejisifu.

"Na hapa Garsen?"

"Hapa labda wewe."

"Basi natoa nakala yangu," Bilal akasema, akabonyeza kitufe tena.

Tuneya alikuwa amekuja kuwafundisha wauguzi kwa miezi mitatu. Hakuna jioni iliyopita bila yeye na Bilal kula viazi karai pamoja, na mazungumzo yakaendelea kwenye simu.

"Daktari wangu, ini linaniuma kwa ajili yako."

"Onyesha ni wapi."

"Hapa, chini ya kitovu."

"Hiyo ni njaa, laazizi. Kale."

Tuneya aliporudi Nairobi walikwisha kukubaliana kwamba baada ya Ramadhani wazee wa Bilal wangekwenda Hola kwa wazazi wake kuposa. Bilal akaamua kumshangaza mchumba wake kwa kuisoma makala yote. Kila siku alisoma aya mbili, na kamusi ya simu pembeni.

Siku ya tisa alifika kwa mgonjwa wa kumi na nne. Mwanamume, umri hamsini na saba, mkulima wa mpunga, mkazi wa delta ya Tana, aliyekatwa mkono wa kushoto na mamba akiwa kijana. Saratani ya ini, iliyotokana na virusi vya homa ya ini alivyokaa navyo miaka mingi.

Kau nzima, kijiji alikozaliwa Bilal, mwanamume wa namna hiyo alikuwa mmoja. Alikuwa baba yake.

Bilal alipiga simu. "Tuneya, ulijua tangu lini kilichomuua mgonjwa wa kumi na nne?"

"Miaka minne iliyopita. Kwa nini, mpenzi?"

"Ni baba yangu."

"Tulipomzika, ami zangu walisema mama amemtilia sumu kwenye chakula. Wakamfukuza. Alifia Malindi kwa dada yake, mwaka mmoja baadaye, na mtu wa Kau hakuja kumzika ila mimi. Na wewe ulikuwa na jibu."

"Vipande vya ini huja na namba tu, Bilal. Havina majina. Majibu niliyarudisha kwa hospitali iliyovileta."

"Uliuliza kama yalifika?"

Tuneya angeweza kutaja taratibu za kazi. Alisema tu, "Sikuuliza."

"Watu mia tatu wamesoma, Tuneya. Sisi hatukuambiwa." Akakata simu. Kwa wiki saba hakupokea nyingine kutoka kwake.

Wiki ya nane alipigiwa na ami yake Abdulsalam. "Yuko binti hapa Kau. Anasema ndiye aliyeliona ini la baba yako. Njoo."

Bilal alipofika kwa pikipiki alimkuta Tuneya amekaa mkekani mbele ya ami zake, viatu vimejaa matope. Alikuwa akieleza polepole: virusi vile mtu huweza kuzaliwa navyo, akalima na kuzaa watoto miaka arobaini bila kujua, huku ini likiharibika. Aliwaomba wote wapimwe damu.

Abdulsalam alivua kofia. "Kwa hiyo shemeji yangu Fahima hakumpa kitu."

"Hakumpa kitu, mzee. Majibu yalikuwepo. Nilipaswa kuhakikisha yamewafikia, na sikufanya hivyo. Nisameheni."

"Vyombo vyake nilivitupa nje mimi mwenyewe," mzee alisema. "Mvua ikinyesha."

Bilal alimsindikiza Tuneya mpaka barabarani. "Umefanya la maana kuja," alimwambia. "Lakini bado nikikutazama namuona mama."

"Najua," Tuneya alisema, akapanda pikipiki bila kumshika mkono.

Ijumaa iliyofuata Abdulsalam alitaka kupelekwa Malindi. Alipiga magoti kwenye kaburi la shemeji yake, akazungumza nalo kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu. Bilal alitoka nje ya ukuta wa makaburi. Akapiga simu ambayo kwa wiki kadhaa hakuweza kuipiga.

Tuneya alipokea mara moja.

"Ami yuko kaburini, anamwomba mama radhi," Bilal alisema. "Na mimi sijawahi kumlilia. Nilimzika haraka, nikarudi dukani."

"Mlilie sasa."

"Niko barabarani, Tuneya. Watu wanapita."

"Waache wapite. Sikati simu."

Akalia, ameegemea ukuta, simu sikioni, mpaka salio lake likaisha. Ikaita papo hapo. Alikuwa Tuneya.