Mvua ya Quibdó Haivunji Miadi

Ilianza kama mchele unaomiminwa kwenye sinia, mbali, ng'ambo ya mto Atrato. Hakuna aliyeinua macho. Wauza samaki walivuta maturubai yao, mama wa ndizi akasogeza kiti nyuma, waendesha pikipiki wakajibana chini ya vibaraza vya maduka. Sauti ikavuka mto, ikawa kubwa, ikafika juu ya mabati ya kwanza ya soko. Katikati ya njia alibaki mwanamume mmoja tu, mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vya ngozi, akigeuza shingo kutafuta kilichowakimbiza watu.

"Kaka, unasubiri kutambulishwa?" mwanamke mmoja alimwita kutoka chini ya turubai. "Hiyo ni mvua."

Kabla hajajibu alikuwa ameloa mpaka soksi.

Yule mwanamke alicheka mpaka akashika nguzo. Alivaa gauni la rangi ya chungwa, nywele zimesukwa na kufungwa juu ya utosi, na kifuani alikumbatia robota la satini ya njano kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa Darlenis Asprilla, fundi cherehani wa mtaa wa Yesquita, na satini ile ilikuwa ya wachezaji wa mtaa wake kwa sherehe za Mtakatifu Fransisko. Alimsogezea mgeni nafasi, akamuuliza ametoka wapi hata haijui sauti ya mvua.

"Riohacha," alisema. "Kwetu ikinyesha tunajazana madirishani kuitazama."

"Na huwa inanyesha lini?"

"Ikikumbuka."

Jina lake Anselmo Pimienta, fundi wa majokofu, aliyeletwa na kampuni ya barafu kutengeneza vyumba vya baridi vya samaki. Kazi ingekwisha sherehe zikiisha. Siku ile walingoja pamoja chini ya turubai, wakanywa maji ya tunda la borojó, na mvua ilipopungua hakuna kati yao aliyeonekana kuwa na haraka.

Basi wakapendana, na mapenzi yao yalikuwa na malalamiko mengi. Anselmo alipiga simu kusema viatu vyake vimeota ukungu. Alipiga simu kusema chumvi imegeuka uji. Alipiga simu kusema shuka limelowa na hakuna aliyelimwagia maji. Darlenis alimfundisha tulivyofundishwa sote: taa ndogo inayowaka ndani ya kabati, punje za mchele ndani ya chumvi, shati lianikwe nyuma ya friji. Usiku mvua ilipopiga mabati walilazimika kupiga kelele kwenye simu, na majirani wa pande zote mbili walijua nani kamwita nani roho yangu.

Wageni wakija kwetu huuliza kama kweli binadamu anaweza kuishi mahali penye mvua kama hii. Huuliza wakiwa wameketi mezani petu, wakinywa maji ya paa letu. Sisi tumezaliwa ndani yake, tumebatizwa, tumecheza, tumezika wafu wetu, na hatujayeyuka. Lakini Darlenis alikuwa na sababu ya kuliogopa swali hilo. Miaka ya nyuma alimpenda kijana wa Medellín aliyesema mvua yetu ni muziki. Muziki ukamchosha, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo mama yake, Bi Eufrosina, alikuwa na msimamo mmoja: mtu wa jua apendwe kwa mbali.

Hata hivyo mama alikubali kumwona huyu. Akapangiwa chakula cha Jumapili mchana.

Jumapili ile mvua ilishuka kama iliyotumwa. Mjomba Tulio alifika kwa mtumbwi kutoka juu ya mto, kofia ikichuruzika. Shangazi walifika wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani, viatu mkononi. Padre alifika, kanzu imemng'ang'ania miguuni. Supu ya samaki wa moshi na jibini ikapakuliwa, na kiti kimoja kikabaki kitupu. Darlenis, ndani ya gauni jipya la buluu lenye mikono ya mapindo, alipiga simu, lakini mtandao ulikuwa umekufa. Mama alisimama. Alikiondoa kile kiti mezani, na hilo lilimuuma Darlenis kuliko neno.

Mtandao uliporudi Jumatatu, Darlenis hakupokea simu za Anselmo. Jumanne vilevile. Jumatano akasikia sokoni kwamba Anselmo amepewa kazi ya kudumu kwao Riohacha, ndege ni Jumamosi. Hapo akapokea.

"Mjomba wangu ana miaka sabini," alisema. "Amekuja kwa mtumbwi. Wewe unakaa kona ya pili."

"Ilikuwa inanyesha."

Darlenis alidhani anataniwa. "Unasemaje?"

"Ilikuwa inanyesha, Darlenis. Kwetu ikinyesha hakuna anayetoka. Harusi inasogezwa, hata mazishi. Hakuna anayepiga simu kuuliza, kila mtu anajua. Nilikaa kitandani na suruali mpya, nimejipaka manukato, nasubiri ikatike nije."

Kicheko kilimfika kooni, akakimeza. Alikuwa amekasirika siku tatu nzima na hakutaka hasira ile ipotee bure.

"Hapa ikinyesha ni Jumapili," alisema. "Isiponyesha pia ni Jumapili. Mtu anayengoja mvua ya Quibdó ikatike, huyo anangoja kuondoka. Na ndege umepata. Nenda ukakauke."

Akakata simu, akaingia chumbani kulia, na mvua ikamsitiri kwa kelele zake.

Ijumaa alasiri nyumba ya Bi Eufrosina ilijaa satini. Darlenis alikuwa kwenye cherehani, mama akishona shanga kwa mkono, mvua ikichuruzika kutoka paani na kujaza matangi. Anselmo akatokea barazani bila mwavuli, shati limeganda mwilini, maji yakimtoka kidevuni. Alisalimu. Mama aliitikia. Darlenis hakuondoa mguu kwenye pedali.

"Umekuja kuniambia unaipenda mvua yetu?" mama aliuliza. "Aliyekutangulia alisema hivyo. Miezi minne, akaondoka na mwavuli wangu."

"Hapana, mama," Anselmo alisema. "Naichukia."

Cherehani ikasimama.

Akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameshaanza na hakuona njia ya kurudi. Alisema anachukia kuvaa shati bichi asubuhi. Anachukia vidole vya miguu vilivyokunjamana kama vya mzee. Amejaribu kuipenda kwa ajili ya Darlenis, akashindwa, na alipoitwa kwao alidhani kushindwa huko ndiko jibu. Aliomba radhi kwa Jumapili, kwa mjomba, kwa padre, kwa supu.

Bi Eufrosina aliweka sindano chini. "Nani amekwambia sisi tunaipenda? Mimi naitukana kila asubuhi kabla ya kahawa, halafu natoka kukinga maji yake. Padre mwenyewe anaitukana, ila kwa Kilatini."

Darlenis alikuwa amegeuka kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba alikuwa amemtaka mwanamume huyu afanye jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifanya, kuipenda mvua. Uso wake ulikuwa bado mkali, ila mdomo ulianza kumsaliti.

"Na ndege ya kesho?" aliuliza.

"Nimemwambia bosi atafute mwingine. Hapa majokofu mabovu ni mengi kuliko mazima."

"Uliamua kabla hujajua kama nitakufungulia mlango?"

"Mlango ulikuwa wazi, mpenzi. Nimeingia."

Akacheka sasa, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. Alichukua kipande kirefu cha satini ya njano, kilichopimwa kwa ajili ya mchezaji mmoja, akamfuta nacho uso, shingo, masikio, bila kujali itakuwaje kesho. Kisha akamshika mabega, akamgeuza.

"Mimi nilikusamehe Jumatano, kabla hata sijakata simu," alisema. "Mwambie yeye."

Anselmo alimtazama mama, akajisafisha koo, akapaza sauti ili ishinde mabati.

"Bi Eufrosina, nitailalamikia mvua hii mpaka siku ya kufa kwangu. Lakini nitailalamikia hapahapa, nikiwa mume wa binti yako, na sitaondoka."