Mpenzi wa Foleni Nzima

Umepita Katoro, usikane. Ulimwona msichana wa kitenge cha manjano amekaa juu ya debe, kompyuta mpakato mapajani, ukasema moyoni, “Anaangalia sinema huyo,” ukageuza shingo. Ukapita pia shule ya kata ya jirani, yenye chumba cha kompyuta ishirini zilizofunikwa nailoni tangu msichana huyo akiwa kidato cha pili. Kufuli halijaguswa. Wewe umesahau, wengine hatusahau. Basi kaa usikie ulichokosa.

Msichana ni Anisia, mzaliwa wa Ushirombo. Debe lile liko kando ya karasha ya shangazi yake Lusia, mashine inayosaga mawe ya dhahabu kwa ngurumo za kutikisa meno. Siku ya gulio, katikati ya kelele na vumbi, pikipiki yenye mifuko mitatu ya mawe ilifunga breki hatua moja kutoka magotini pake.

“We kaka! Hujaona mtu?”

“Nimemwona. Ndiyo maana nimesahau breki.”

Alikuwa Ndaki, mrefu, shati la drafti limejaa vumbi jekundu, meno meupe kama mtama. Akachungulia. “Unaandika nini?”

“Foleni.”

“Foleni inaandikwa? Si watu wanapanga?”

“Wanapanga, halafu wanapigana. Subiri uone yangu.”

Kweli walipigana. Kila mtu aliweka jiwe lake la zamu, akirudi kutoka kunywa chai analikuta limehamishwa. Anisia, aliyejifunza programu peke yake kwa masomo ya kwenye simu, alikuwa akijizoeza zana tatu za programu. Koleksheni, orodha ndani ya kompyuta, ilimpa foleni isiyohamishwa na mjanja. Jeneriki ilimpa umbo moja la foleni: leo ukiliambia “wateja” linapokea wateja tu, mbuzi halipokei, kesho ukitaka liwe la magunia, huandiki upya. Na delegeti, kazi unayoikabidhi sasa ili iitwe wakati wake ukifika, kama ujumbe wa simu kwa mteja zamu yake ikifika.

Ndaki akawa mteja mwaminifu. Asipokuwa na mawe, alileta mihogo ya kuchoma.

“Utaniita mpenzi lini?” aliuliza simuni.

“Programu ikikubali.”

Jumanne akaifanyia majaribio. Foleni ilikuwa na mtu mmoja, Ndaki. Akaikabidhi delegeti ujumbe: *Njoo mpenzi wangu, nakusubiri.* Sekunde tano, ujumbe ukamfikia Ndaki, naye akapiga simu.

“Anisia! Mashine imeniita mpenzi!”

“Mashine husema ilichoambiwa.”

“Basi Jumapili mjomba Pantaleo anakwenda kwa wazazi wako. Ndiye mshenga wangu. Wabeja sana, asante, mama wee!”

Kwa furaha ile, nani angekumbuka kufuta? Jumatano akakabidhi kazi halisi, *Zamu yako imefika, lete mawe*. Lakini aliiongeza kwa alama ya kujumlisha, ya jana ikabaki palepale. Delegeti haichagui, huita zote kwa mpangilio. Wateja walikuwa thelathini na mmoja.

Kufika mchana karasha ilikuwa imejaa wanaume waliochana nywele. Mmoja alivaa kofia mpya. Mzee mmoja alikuja akihema.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Binti, simu yangu anaishika mke wangu. Nitalala wapi leo?”

Ndaki akafika wakati wanasomeana ujumbe wao. Maneno yaleyale, herufi kwa herufi.

“Kumbe mimi nilikuwa wa kwanza tu kwenye foleni,” alisema. “Mjomba asisumbuke Jumapili.” Akapiga kiki ya pikipiki, akaondoka.

Shangazi Lusia alicheka mpaka akashika mbavu. Anisia hakucheka. Alipiga simu mara sita, kimya. Ya saba ikapokelewa.

“Unasemaje, mpenzi wa wote?”

“Njoo uone kosa langu kwa macho yako. Usiponiamini, nitanyamaza.”

Alhamisi alikuja, uso kama kaptula iliyokunjwa. Anisia akamwonyesha mistari miwili.

“Ukimtuma mshenga, halafu ukabadili maneno ukamtuma wa pili bila kumrudisha wa kwanza, itakuwaje?”

“Wataingia wote wawili. Aibu tupu.”

“Ndicho nilichofanya.”

Ndaki akasoma tena, midomo ikicheza. “Na huyu wa kwanza ulimtuma kwangu tu?”

“Foleni ilikuwa na nani mwingine juzi? Mrudishe mwenyewe.”

Kwa kidole kimoja akaandika alama ya kutoa, akaondoa ujumbe wa mapenzi. Wakajaribu. Simu ikalia mara moja tu: *Zamu yako imefika, lete mawe.*

Ndaki akaigeuza simu mkononi. “Sasa nimebaki mteja?”

Anisia akasimama juu ya debe, kitenge kikipepea, akapaza sauti kuliko karasha: “Njoo mpenzi wangu, nakusubiri!”

Wasaga mawe walipiga makoleo yao kama ngoma.

Jumapili, Ushirombo, Pantaleo alibisha hodi, Anisia akamfungulia.

“Shikamoo, baba. Umetumwa peke yako?”

“Marahaba. Kwani ulitaka tuje wangapi?”

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Wazazi walikubali. Anisia alikuwa na sharti moja: “Jumatatu saa mbili asubuhi Ndaki anisindikize shuleni tukadai kile chumba cha kompyuta kifunguliwe. Mimi nimesomea juu ya debe. Wadogo zangu wasisomee juu ya debe.”

“Nitakuja na pikipiki,” Ndaki alijibu alipopigiwa simu, “na pete mfukoni.”

Na wewe? Katani kwako kipo chumba kama hicho, unakijua. Inuka sasa hivi. Ulizia ufunguo uko kwa nani, umfuate, usibanduke mlangoni mpaka kufuli lianguke.