Jiwe la Mtungi wa Kimchi

Wali ulianza kunuka choo siku ya tatu baada ya kuhamia. Eun-sil alisugua sufuria, akanunua mchele mwingine. Harufu ile ile.

Alikuwa amehamia kisiwa cha Jeju mwezi wa sita, kutoka Seoul, yeye na bintiye Da-on, kumfuata mume bandarini. Bibi Mal-sun, jirani mpiga mbizi, alimwonya langoni. "Mama Da-on, huku tunahama wiki moja tu kwa mwaka, kwenye baridi, miungu wa nyumba wakiwa wamepanda mbinguni kupokezana zamu. Sasa wote wamo ndani."

"Basi wanisaidie kubeba kabati." Wapagazi walicheka.

Siku hiyo hiyo, jikoni, alitia mtungini kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, akakosa cha kugandamizia kabichi. Kwenye choo cha zamani nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe bapa, zuri. Aliliosha mara mbili. Kimchi ilipochachuka akawagawia majirani mabakuli saba, wamwone mtu wa watu.

Kisha Da-on akagoma kula.

"Shangazi wa jikoni anasema tukohoe kabla ya kuingia. Tunamshtua akihesabu nywele zake."

"Shangazi gani?"

"Huyo."

Ilikuwa mchana kweupe, na Eun-sil hakuona mtu, ila alisikia kitu kikiburuzwa sakafuni kama ufagio uliolowa, na sauti ya chini ikihesabu mia tatu na moja, mia tatu na mbili, na alipofunua mtungi uvundo ukampiga usoni, na kabichi yote ilikuwa imefungwa kwa nywele ndefu nyeusi zilizolizunguka lile jiwe.

"Umelitoa wapi?" Bibi Mal-sun aliuliza alipoitwa.

"Chooni," alinong'ona.

Bibi akafuta mdomo. "Mungu wa choo na mungu wa jiko walikuwa wake wenza, wa choo alimzamisha wa jiko. Huyo anayehesabu nywele ni wa choo, umemwingiza wewe na jiwe lake. Hata kijiti hakivuki kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nami nimeila hiyo kimchi."

"Nisamehe, Bibi."

"Kohoa, lirudishe chooni, mpigie magoti mwenyewe. Halafu pita nyumba kwa nyumba, useme kwa mdomo wako ulichotulisha."

Alilirudisha. Jioni hiyo Da-on alikula mabakuli mawili. Kesho yake Eun-sil akapita, macho chini. Mmoja alitema mate, mwingine akamfungia mlango.

Nyumba ya mwisho alikaa Bibi Bu, mjane, peke yake.

"Nimeimaliza, mwanangu, tamu! Bakuli liko jikoni, lichukue."

Kizingitini Eun-sil alisita. Akakohoa.

Humo ndani, kilichokuwa kikihesabu kikanyamaza.