Bima Mpya kwa Ajali ya Zamani

Asubuhi moja ya mwaka 1956, ukungu ulitoka mtoni ukafunika nyumba za Kisangani. Cyprien alikuwa akinywa chai na mke wake, Françoise. Camionnette yao, gari dogo la mizigo, ilisimama uani. Kwa wiki tatu ilikuwa haijabeba hata gunia moja la mpunga. Ghafla honi ikalia. Ndani ya gari hapakuwa na mtu.

"Imeanza tena," Françoise alisema.

Cyprien alikwenda kutazama. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea katikati. Tena kilikuwa na majimaji, ingawa mvua haikunyesha. Alirudi ndani bila kukigusa.

Wiki tatu nyuma, katika ukungu kama huo, Cyprien alimgonga Désiré, mvuvi wa Wagenia, kwenye barabara ya Simi-Simi. Alimweka kwenye kiti hicho, akamfikisha hospitali. Kisha akaiarifu kampuni yake ya bima. Hapo alifanya vizuri, tumsifu. Lakini siku ya tatu mwanamke mmoja sokoni alimwambia kuwa yule mvuvi amekufa. Basi Cyprien hakurudi tena hospitali. Barua ya kampuni ilipofika, hakuifungua. Aliiweka chini ya godoro akailalia kama kuku anayelalia yai.

"Leo minabadilisha assurance," alimwambia mkewe. "Karatasi ya kampuni ya zamani iko na damu ya yule mutu. Nitaitupa kwenye maporomoko. Kampuni mupya, bahati mupya. Donc hatakuwa na njia ya kunifuata."

"Papa Lucie, wafu banasoma karatasi ya assurance?" Françoise aliuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

Cyprien aliinuka. Alichukua karatasi ya bima ya zamani, ile barua, na fomu ya kampuni mpya. Akashuka kuelekea mtoni.

Maji ya maporomoko yalinguruma, lakini hayakuonekana. Njia nayo haikuonekana. Mbele yake kikatokea kitu cheupe, kirefu, kisicho na miguu. Kilikuwa kinakuja polepole. Cyprien alipiga magoti.

"Désiré, unisamehe!"

"Désiré gani? Miye Sefu."

Alikuwa jirani yake, Mwislamu kutoka Maniema, aliyevaa kanzu nyeupe. Ukungu ulikuwa umemficha miguu. Sefu alikuwa karani katika ile kampuni ya bima ya zamani.

"Nilikuwa nakuja kwako," Sefu alisema. "Jana nilipata dossier yako, ile faili ya ajali. Mbona hujibu barua?"

"Nitajibu nini, Papa Sefu? Mutu alishakufa."

"Nani alikufa? Désiré iko hai! Lakini mufupa ya paja haishike vizuri. Muganga wa hospitali anasema akichelewa kupasuliwa, watakata muguu. Kampuni inangoja maelezo yako, na inangoja kuona gari. Bila ile, hailipe. Fungua barua."

Cyprien aliifungua palepale. Yote yalikuwa yameandikwa humo, hata jina la Désiré. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kidogo kimuumbue mtu mwingine. Cyprien aliona haya, akalia waziwazi.

"Na hii ni nini?" Sefu aliichukua fomu. Palikuwa na swali: Je, umepata ajali? Cyprien alikuwa ameandika: Hapana.

"Nilifikiri kampuni mupya itachukua mambo yote," Cyprien alisema.

"Hapana, ndugu yangu. Ajali ni ya kampuni ile ilikuwa na assurance ya gari yako siku ile. Hata ukihama kesho, ya zamani itamaliza dossier. Kuhama si mubaya. Lakini ukidanganya hapa, siku utagonga tena, hawa wapya wataona uongo na watakataa kulipa. Tena usitupe karatasi ya zamani. Na usisimamishe assurance ya zamani kabla ya mupya kuanza. Gari isilale hata siku moja bila assurance."

"Bon. Nianze wapi?"

"Anza hospitali."

Désiré alikuwa amelala karibu na mlango. Alikonda sana. Alipomwona Cyprien alifanya ishara ya msalaba.

"Leo umeingia," alisema.

"Namna gani, leo nimeingia?"

"Kila asubuhi minakuona. Unasimama pale mulangoni, unanitazama, unaenda. Nilisema labda ulikufa."

Nywele zilimsimama Cyprien. Hakuwahi kufika mlango huo tangu siku ya ajali. Lakini hakukimbia. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda.

"Sikuja hata mara moja," alisema. "Niliogopa. Unisamehe."

Siku hiyohiyo Cyprien aliandika maelezo yake mbele ya Sefu, bila kuficha kitu. Mtaalamu wa kampuni alikuja kukagua gari. Alikuta waya wa honi umechubuka katika ajali, na unyevu wa ukungu ndio ulioifanya ilie. Kuhusu kiti hakuandika neno. Kampuni ya zamani ililipa, na daktari akampasua Désiré. Baada ya miezi michache alitembea kwa fimbo, miguu yake yote miwili ikiwa chini yake.

Cyprien alijaza fomu nyingine. Kwenye swali la ajali aliandika: Ndiyo. Akaweka tarehe na jina la kampuni ya zamani. Bima mpya ilianza siku ileile ya zamani ilipokwisha. Karatasi zote alizihifadhi katika sanduku la bati.

Mfanyabiashara mwenzake, Hilaire, alimuuliza, "Alors, kampuni gani ililipa muguu ya Désiré?"

"Ya zamani."

"Lakini weye ulishahama!"

"Nilihama, ajali haikuhama. Siku ile kampuni mupya haikuwa kwenye barabara," Cyprien alisema. "Miye nilikuwa."