Mota Kiganjani

Rafiki yangu ana digrii ya umeme na soli zilizoisha kwa kutembeza bahasha za maombi. Siku moja aliitwa kwenye karakana inayochonga milango kwa mashine ya kompyuta.

"Injinia, mota ya mashine hii ikizunguka leo, kazi ni yako," bosi alimwambia. "Isipozunguka, hiyo digrii kafungie karanga."

Rafiki yangu akafungua laptop, akatuma amri. Mota ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Mara umeme ukakatika. Karakana haina dirisha, giza totoro. Bosi akatoka nje akilaani.

Mota za stepa kama hiyo, zinazozunguka hatua kwa hatua, zikikosa umeme hulegea. Mhimili unauzungusha kwa vidole tu. Rafiki yangu akapapasa, akajaribu. Ukagoma.

"Come on, bwana," akanong'ona.

Akachomoa nyaya, akalegeza skrubu, akaitoa mota yote, akaishika kiganjani.

Tik.

Mhimili ukamsukuma kidole gumba. Tik. Tik.

"Umeme umerudi?" bosi akauliza kwa furaha kutoka mlangoni. "Naisikia inazunguka! Kazi umepata, kaka!"

Rafiki yangu akapapasa nyaya gizani. Zilimning'inia katikati ya vidole bila kuunganishwa popote, na mota ilikuwa inaongeza kasi.