Kiti cha Nyuma

Shemeji yangu Bonaventura alikuwa mvuvi wa dimbwi. Nasema dimbwi kwa sababu Ziwa Basotu mtu anaweza kusimama upande mmoja akamtukana wa ng'ambo, na matusi yakafika. Humo ndimo alimojifunzia kuvua perege na kambale kwa fimbo yenye gurudumu la kukunjia mshipi, akifundishwa na wazungu wa yale mashamba makubwa ya ngano alikokuwa mtunza stoo. Akipata perege wawili, kijiji chetu chote cha Gitting kitasimuliwa mpaka watu watafute kisingizio cha kwenda kukamua ng'ombe. Na sisi Wairaqw samaki hatukuzoea kumla. Alikuwa akijisifia kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Wazungu walipofunga virago waliuza vitu vyao. Wenye akili walinunua mabati, wengine pampu za maji. Bonaventura alinunua kayaki. Ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, wa rangi ya chungwa, wenye viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kasia lenye bapa kila upande. Akaongeza jaketi la kuelea na miwani ya jua. Kazi ilikuwa imekwisha na mshahara umekwisha, lakini ukimuuliza yuko nyumbani kwa nini, anakujibu yuko likizo.

Kiti cha nyuma, alisema, ni cha mke wake. Mke wake ni Tekla, mdogo wangu wa tumbo moja.

Huo ulikuwa mwaka wa mvua za elinino, sisi bado tunahesabiwa mkoa wa Arusha. Mvua zikiwa zinaelekea kwisha, Tekla alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tulimzika nyuma ya nyumba. Kwetu, nyumba iliyopoteza mtoto mchanga hukaa metimani. Hawaingii nyumba za watu, hawachoti maji wanapochota wengine, ng'ombe wao hawachungwi na wa jirani, mpaka wazee waje wawatoe. Padri hapendi, lakini hata katekista wetu alikaa alipofiwa na mtoto wake mchanga.

Bonaventura hakukaa. Aliona aibu kuonekana mshamba, yeye aliyekunywa kahawa na wazungu. Akatangaza kwamba anampeleka Tekla likizo Ziwa Balangida, akavue kwenye maji ya chumvi kama watu wa baharini.

"Metimani inakataza maji ya kunywa," alinieleza, akijipangusia miwani kwa shati. "Balangida ni chumvi tupu, shemeji. Nani anayakunywa?"

Mama yetu aliposikia alikuja mpaka Dongobesh, kwenye baraza ninakoshonea, akaniinamia sikioni kana kwamba cherehani ina masikio.

"Nenda nao. Tekla asiguse maji. Mtoto hajatolewa, bado anamtafuta mama yake. Akimkuta majini, ataondoka naye."

Basi nilifunga cherehani nikaenda, kwa kazi hiyo moja tu: kumrudisha mdogo wangu nyumbani.

Tulikodi pikapu, kayaki juu, imefungwa kwa kamba za katani. Balangida miaka mingine ni uwanja mweupe ambapo watu hukwangua chumvi. Mwaka ule lilikuwa limefurika mpaka kwenye migunga, na migunga yenyewe imekufa imesimama majini. Tulipiga hema mbali na ukingo. Bonaventura akavaa jaketi lake la kuelea. Kutoka ukingoni alitembea hatua nyingi sana maji yakiwa magotini, amevaa jaketi la kuelea, anaburuta mtumbwi. Nilicheka mpaka Tekla akanigusa mkono ninyamaze.

Tekla hakucheka. Tangu msiba alikuwa hasemi mengi. Alikaa chini, kanga mabegani, akitazama ile kayaki.

Jioni mwanaume akarudi na beseni la vijisamaki, amelibeba kwenye kiti cha nyuma. Samaki walikuwa wazima kwa nje, lakini ukiwashika wanalegea kama soksi. Nyama hakuna. Ngozi na miiba tu, na hakuna palipochanika isipokuwa mdomoni.

"Jua," Bonaventura akasema. Mtu wa samaki miaka yote hiyo, akasema jua.

Asubuhi alitoka tena. Mzee mmoja wa Kibarabaig alipita na mbuzi wake wakilamba magadi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mama." Alikuwa anatazama ziwani, mkono juu ya macho. "Yule mtoto wa nyuma mbona hamkumvika? Upepo huu ni mbaya."

Nikamwambia yule ni shemeji yangu, yuko peke yake. Akanitazama kama mtu aliyezoea kudanganywa na watu wa mjini. Kisha akawakusanya mbuzi wake, hata waliokuwa bado wanalamba, akaondoka nao kwa haraka.

Nilitazama. Niliona jaketi, kofia, kasia linapanda na kushuka. Kiti cha nyuma sikukiona vizuri, jua lilikuwa linametameta juu ya maji. Ila nyuma ya kayaki ilikuwa imezama kuliko mbele.

Samaki wa siku hiyo walikuwa na alama. Meno mawili juu, mawili chini, madogo. Bonaventura akasema ni ndege. Nilimuuliza ni ndege gani mwenye meno, akajibu kwamba sijasoma.

Tekla alichukua samaki mmoja akampitishia kidole kwenye zile alama.

"Ameota meno," akanong'ona.

Nikamtazama. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa. Maziwa yake yalikuwa yamekauka wiki nyingi, nilimfunga kitambaa mimi mwenyewe.

Nilimwendea Bonaventura, nikamwambia tufungashe twende, sasa hivi. Alikuwa anatoa chumvi kwenye gurudumu la fimbo yake kwa mswaki. Hata hakuinua uso.

"Shemeji, wewe ni fundi cherehani. Wewe shona."

Nilimdharau mtu yule kwa moyo wangu wote. Bado namdharau.

Kulipokucha upepo ulikuwa umekufa. Maji yamelala. Akasukuma kayaki yake akaingia, akaenda, akiimba nyimbo za wazungu asizozijua. Mimi nilikaa karibu na Tekla, nimeshika pindo la kanga yake kwa siri.

Alipofika kwenye migunga iliyokufa aliacha kupiga kasia ili arushe ndoano.

Kayaki haikusimama.

Iliendelea kwenda. Polepole, moja kwa moja. Yeye alikuwa ameinua fimbo. Hakujua.

Ndipo nikaona kichwa. Kilikuwa nyuma ya bega lake. Kidogo, cheusi, kimelowa. Kichwa cha mtoto anayejua kukaa.

Tekla alisimama. Alitembea. Kanga ilibaki mkononi mwangu.

Nikamkimbilia nikamkamata kiunoni. Alikuwa na nguvu ambazo si zake. Tukaanguka kwenye tope, nikamlalia, maji yako pale, umbali wa mkono tu. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikamshika vidole vyake nikavifungia kwenye ngumi yangu visifike.

"Ananiita, dada."

"Hapana."

"Ana baridi."

"Hapana, Tekla."

Kule ziwani Bonaventura akageuka. Nadhani aliona kayaki inakwenda yenyewe, au alihisi kitu mgongoni. Akageuza shingo akatazama nyuma. Alitazama kwa muda mrefu. Miwani ikamdondoka majini. Kisha akajigeuza mbele taratibu sana, kama mtu mwenye nyuki shingoni, akalaza kasia juu ya mapaja.

Kayaki ikageuka. Ikaja kwetu. Hakuna aliyepiga kasia. Ilipita maji ya magotini, ikapanda tope na kuendelea kukwaruza mpaka pale tulipokuwa tumelala. Ikasimama.

Bonaventura alikuwa ameketi, macho wazi. Kwenye mgongo wa jaketi lake palikuwa na viganja viwili vidogo vya maji. Vilikuwa vinakauka vyeupe.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Nilimwachia Tekla. Nilidhani imekwisha. Hakugusa maji, nilisema moyoni, nimefanya kazi ya mama. Yeye akasimama, akaichukua kanga yake mkononi mwangu bila haraka. Akainama juu ya kiti cha nyuma. Akainua kitu ambacho sikukiona, akakiweka mgongoni, akafunga kanga, akaikaza kifuani kama mama yeyote.

Kanga ilijaa.

Tulirudi Gitting hivyo hivyo, Tekla amekaa mbele ya pikapu kwa kuinama kidogo ili asimbane. Nilikuwa nimeagizwa nimrudishe nyumbani, na nilimrudisha.

Wazee walikuja na kondoo kuwatoa metimani. Tekla aliwauliza kwa adabu wanamtoa nani, akawaletea chai. Padri naye alikuja na maji ya baraka, akaondoka kabla hajamaliza, na mpaka leo hajasema kwa nini. Bonaventura yupo. Hukaa kwenye kigoda, mgongo umegandana na ukuta, na analala hivyo hivyo. Haingii nyumba ya mtu, hasogelei kisima, hachangamani na yeyote. Yule aliyeicheka metimani anaikaa vizuri kuliko bibi yeyote wa kwetu, na hajui atatoka lini. Sijawahi kumwonea huruma, na nimejaribu.

Kayaki iko bandani, kavu, mbali na maji yoyote. Asubuhi kiti cha nyuma kina chumvi. Tekla huifuta.

Mimi nipo Dongobesh na cherehani yangu. Mitumba imetuua mafundi, kilichobaki ni sare za shule, nazo zimezidi tangu tupewe mkoa wetu wa Manyara na kila mtoto kulazimishwa darasani. Kila mwaka Tekla huja na kitambaa cha kaki. Ananiomba kaptula. Vipimo ananitajia kwa kichwa, na kila mwaka vinaongezeka. Nilikuwa nashona kwa kumridhisha tu, mdogo wangu aliyeharibikiwa. Nilidhani anazitandika kwenye kile kiti cha nyuma.

Mwaka huu aliniletea ile ya mwaka jana niitie kiraka. Mimi ni fundi, nguo iliyokaa tu naijua na nguo iliyovaliwa naijua. Ile ilikuwa imechakaa matakoni na kulegea kwenye mapaja, kama za watoto wote wanaokaa chini. Mfuko wa kulia ulikuwa umetanuka kwa kuingizwa mkono. Nilipougeuza nje ilimwagika chumvi, na ndoano ndogo ya kuvulia perege.

Tekla alikuwa amesimama barazani, akinisubiri.

"Safari hii iachie nafasi, dada," alisema. "Anakua haraka."

Nikakata kitambaa. Nikaacha pindo pana.