Kichwa Kilichokataa Majina

Kichwa cha treni kilikuwa kimeamka tangu alfajiri, na kila kitu kwake kilifanya kazi isipokuwa kuitika. Kilinusa reli kwa vihisio vyake, kikagundua ufa mwembamba kama unywele kilomita tisa mbele, kikautangaza kwa upole. Lakini ukikiita jina, kimya. Na sheria ya reli ya miaka hiyo haikuwa na mjadala: kichwa-akili, yaani injini inayojiendesha kwa ubongo wake yenyewe, hakipewi njia mpaka kipokee jina na kuliitikia, maana amri zote za redio humfuata mwenye jina.

Kampuni ya Njia Tatu ilikuwa imeunda kamati ya majina, nayo haikuja mikono mitupu. Ilianza na Nuru ya Maendeleo. Kichwa kikakaza breki. Ikaja Fahari ya Magharibi, ikaja Kasi Mpya, halafu Tumaini Letu, jina ambalo mafundi walilichukia waziwazi kwa sababu kila kitu kibovu hapo Tabora kiliitwa Tumaini. Wao walipenda majina ya karakanani: Bi Mashungi, Kipara, Mla Mlima. Hayo nayo yalikataliwa.

Mhandisi Nyanzobe Kapembe aliupekua ubongo ule safu kwa safu asione kosa. Miaka minne alikuwa amekilea kichwa hiki, na Mkurugenzi Kalokola alishasema bila kupepesa macho kwamba ikigonga saa nne, wageni wa uzinduzi wakiwa wameketi jukwaani, kisipoitika kifutwe ubongo, kipandikizwe mwingine. Kilichomchanganya Nyanzobe ni kimoja. Mashine haina kiburi, sasa hii ilikuwa ikichagua nini?

Mama Kabula, mfagiaji, aliegemea ufagio wake akasema hapo hakuna ugonjwa. Kwao mtoto akikataa ziwa na kulia kutwa, hutajiwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na likitajwa jina lake hunyamaza akanyonya. Akauliza kichwa kimefundishwa na nani. Nyanzobe akamweleza kwamba ni kumbukumbu za safari zilizonaswa kwenye injini za madereva wa zamani, wapatao arobaini, ambao sasa wote ni marehemu; majina yao kampuni haikuwapa mafundi.

"Basi si ndio ukoo wake, mwanangu," akasema Mama Kabula. "Tuwataje."

Mafundi walicheka, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mama Kabula alikuwa ameifagia stesheni ile tangu usichana wake, aliwajua wote. Akataja Misalaba, kimya. Akataja Shija, kimya. Akaendelea hivyo mpaka vicheko vikaisha vyenyewe, naye akatua.

"Wamekwisha," akasema. "Kabaki yule asiyetajwa."

Asiyetajwa alikuwa Luhende, aliyesemekana kwamba alisinzia kazini, akapita taa nyekundu, akaua watu thelathini, naye mwenyewe akafa. Madereva wakisikia jina lake walitema mate. Naye Nyanzobe alikuwa binti yake. Alijificha kwenye jina la ukoo wa mama yake ili aajiriwe, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyejua. Akilitaja, wataanza kumtazama. Asipolitaja, kichwa kitafutwa. Hata hakujua ameamua saa ngapi. Alishtukia sauti yake mwenyewe.

"Luhende."

Breki zikaachia. "Nipo," kikasema kichwa.

Hakuna aliyecheka. Nyanzobe akauliza kwa nini jina hilo. Kikamjibu kwa utulivu uleule kiliotangazia ufa: robo tatu ya uendeshaji wake ilitoka kwa Luhende. Kampuni yenyewe ilimteua awe mwalimu wake mkuu, kwa kuwa katika saa elfu kumi na nane za kumbukumbu hakusinzia hata mara moja.

"Na safari ya mwisho?"

"Hiyo pia ninayo. Alikuwa macho. Taa ilikuwa ya kijani."

Mkurugenzi Kalokola alikuwa ameshaingia, na yote aliyasikia. Akaamuru kizimwe, jina lile haliwezi kubandikwa kwenye mali ya kampuni. Nyanzobe alitaka kufurahi, akataka kulia, akataka kumkaba mtu, na hakujua aanze na lipi. Mama yake alikufa akiwa hasalimiwi sokoni. Akamuuliza mkurugenzi kama kampuni ilijua kwamba taa ndiyo iliyokosea.

"Taa zilikuwa mpya," akasema Kalokola, sauti ikishuka. "Watu wangeogopa kupanda. Na yeye alikuwa ameshakufa. Wewe unamtetea kama nani?"

"Ni baba yangu."

Mama Kabula aliweka ufagio chini, akaja kusimama kando yake. Nje bendi ilikuwa imenyamaza, wageni wakisubiri. Nyanzobe akawasha vipaza sauti vya stesheni, akainama kwenye kinasa sauti.

"Luhende," akaita.

"Nipo."

"Waambie watu taa ilikuwa ya rangi gani."